Bendi ya Nyuzi Sita na Mlima Uliosogea

Nchini Shwarini hakuna maafa. Jambo hili halina ubishi, kwa sababu lilipitishwa na Bunge kwa kura zote za ndiyo, na mbunge mmoja aliyekuwa amelala alihesabiwa kuwa ameunga mkono kwa ndoto. Tangu hapo mito yetu haifuriki, bali huwatembelea wananchi. Majengo hayaporomoki, hukaa chini. Treni zikigongana, tunatangaziwa kwamba zimesalimiana.

Kwa hiyo asubuhi ile ulipoporomoka mlima wa kifusi pale Mayungwa, sisi wananchi hatukuwa na wasiwasi wowote. Tulikaa karibu na redio tukasubiri kuambiwa kimetokea nini. Kifusi chenyewe kilikuwa cha Mgodi wa Taifa. Kwa miaka mingi mgodi ulikuwa ukichimba madini na kumwaga mawe na udongo uliobaki nyuma ya nyumba za wafanyakazi, mpaka likawa lundo, lundo likawa kilima, kilima kikawa mlima, mlima ukawekwa kwenye stempu. Mvua iliponyesha wiki nzima, mlima ukateremka. Ulipita juu ya nyumba, ukapita juu ya shule, ukaenda kulala kwenye mlango wa mgodi wakati zamu ya asubuhi imeshaingia chini.

Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Daktari Mpelumbe, alilihutubia taifa saa sita mchana.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu mmelalamika kwamba serikali iko mbali nanyi. Leo serikali yenu imesogeza mlima karibu na wananchi. Watu wa Mayungwa ndio wa kwanza kunufaika. Naiomba mikoa mingine iwe na subira."

Tulipiga makofi majumbani mwetu, kama sheria inavyotaka.

*

Siwatu hakupiga makofi. Huyu Siwatu alikuwa mwimbaji wa Nyuzi Sita, bendi ya muziki wa dansi iliyokuwa ikipiga kila Jumamosi kwenye ukumbi wa baa moja katika mji mkuu. Mwanamke wa makamo, mwembamba, hana maneno mengi akishuka jukwaani. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, na aliyemlea ni kaka yake, Hamadi. Ni Hamadi aliyeacha shule akaenda mgodini kuchoronga miamba ili mdogo wake asome, na ni Hamadi huyo huyo aliyemwambia, alipoona shule haimkai kichwani lakini nyimbo zinakaa, "Basi kaimbe. Ila uimbe kweli, usije ukanitia aibu."

Hamadi alikuwa kwenye zamu ya asubuhi.

Siwatu alidandia lori la mahindi akafika Mayungwa siku ya pili. Alimkuta wifi yake, Mwajabu, mke wa Hamadi, amepiga magoti kwenye tope katikati ya kifusi, amelaza sikio juu ya bomba la chuma. Lilikuwa bomba la kupeleka hewa mgodini. Sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa, imebaki ncha tu, urefu wa mtoto wa darasa la kwanza.

"Wifi," alisema Mwajabu bila kuinua kichwa, "usinipe pole. Njoo usikilize kwanza."

Siwatu alipiga magoti. Chuma kilikuwa cha baridi. Hakusikia kitu. Halafu akasikia. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo.

"Ni yeye?"

"Sijui ni nani. Lakini ni mtu. Bomba halijigongi."

Wanawake wa Mayungwa walikuwa wameanza kuchimba kwa majembe tangu siku ya kwanza. Askari waliwanyang'anya, kwa sababu nchini Shwarini huwezi kuchimba mlima wa stempu bila kibali, na kibali cha kutafuta watu hutolewa pale tu panapokuwa na watu waliopotea, na hakuna aliyepotea, kwa sababu hakukuwa na maafa. Nadhani msomaji unaona jinsi mambo yetu yalivyonyooka.

Siwatu alikwenda kwa Bwana Chitemo, Afisa Utulivu wa Wilaya. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye macho ya kuchoka, na shati lake lilikuwa na nembo ya kondoo anayetabasamu.

"Bwana Afisa, kuna watu walio hai kule chini. Wanagonga."

"Tumeshafanya uchunguzi, dada yangu. Ni mwangwi."

"Mwangwi wa nini?"

Bwana Chitemo alitazama mlango. "Wa utulivu," alisema.

"Mwangwi haupumziki ukaanza tena. Hawa wanapumzika. Tupeni tingatinga moja tu. Siku moja."

"Tingatinga lipo," alisema Bwana Chitemo. "Serikali inalo moja, jipya. Lakini ni la Idara ya Sherehe. Kazi yake ni kusawazisha viwanja vya maadhimisho. Haliwezi kutoka karakana kwenda mahali pasipo na sherehe."

Bwana Chitemo aliinuka, akafunga mlango, akarudi, akasema kwa sauti ndogo sana, na mpaka leo mimi naamini alisema kwa huruma:

"Niletee sherehe, nikuletee tingatinga."

*

Kiongozi wa Nyuzi Sita alikuwa Mzee Mafuru, mpiga gitaa la solo, ambaye alikuwa amezika wanabendi wengi kuliko aliobaki nao. Siwatu alimkuta ukumbini akibadilisha nyuzi.

"Sherehe ya nini?" aliuliza Mzee Mafuru.

"Yoyote. Tamasha la hisani, kuwachangia watu wa Mayungwa mafuta ya tingatinga na mablanketi. Bendi ikipiga, ni sherehe. Ikiwa sherehe, tingatinga linakuja. Likija, Mwajabu atamwonyesha dereva pa kuchimba."

"Na tutapiga nini?"

Siwatu aligonga meza kwa kifundo cha kidole. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Mpiga ngoma, kijana wa maneno makali aitwaye Shombe, alikuwa amejilaza kwenye benchi. Aliinuka, akakaa nyuma ya ngoma zake, akaurudisha mdundo ule kwa ngoma kubwa, polepole. Mzee Mafuru hakuuliza tena. Aliweka gitaa begani. Mpaka jioni wimbo ulikuwa umekamilika, na ukaitwa "Tuwatoe". Ulisema kwamba wako chini, wana pumzi chache, wanatugongea, tuwatoe. Waliopita dirishani siku ile walisimama, na mwuza karanga mmoja alisahau kuuza.

Kibali cha tamasha kilipatikana haraka ajabu. Kilikuwa na sharti moja tu, kwamba wimbo upitie kwanza kwenye Kamati ya Usikivu.

Kamati ilikuja ukumbini wakati wa mazoezi. Mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja mnene, mwenye miwani na sauti tamu, na alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Wimbo mzuri sana," alisema. "Umenigusa. Sasa tuondoe maneno."

"Maneno gani, mama?" aliuliza Mzee Mafuru.

"Haya yaliyonigusa."

Wakaanza. Neno "tuwatoe" lilionekana linaashiria kwamba kuna watu mahali fulani, na kwamba mahali hapo hapafai. Likawa "tuwapongeze". Neno "chini" lilikuwa la kukatisha tamaa, likawa "pembeni". "Wana pumzi chache" ilisumbua zaidi. Mjumbe mmoja alipendekeza "pumzi" iwe "maendeleo", wakaimba "wana maendeleo machache", kamati nzima ikashtuka, ikabadilishwa papo hapo ikawa "wana maendeleo mengi".

Kila neno lilipoondolewa, Siwatu aliuliza swali lile lile.

"Tukibadilisha hili, tingatinga litakuja?"

"Litakuja, mwanangu."

"Basi badilisheni."

Shombe alitupa vijiti sakafuni. "Dada Siwatu, huu si wimbo tena. Hii ni ripoti."

"Hata ikiwa ripoti, Shombe. Acha waandike wanachotaka. Mimi sitaki wimbo, nataka tingatinga. Okota vijiti."

Shombe aliokota. Ndipo mwenyekiti alipofuta miwani na kusema kwamba, kwa kweli, hata mdundo nao ulikuwa na tatizo. Ulikuwa unauliza. Mdundo wa Shwarini hauulizi, unajibu. Shombe alielekezwa apige ule wa gwaride la shule, na akaupiga, uso wake umegeukia ukutani.

*

Baada ya mazoezi bendi ilipelekwa studio ya Redio ya Taifa kurekodi. Mzee Mafuru aliuliza kwa nini warekodi wakati tamasha ni la kupiga moja kwa moja mbele ya watu. Alielezwa kwamba sauti ya moja kwa moja ina hatari ya kuongeza sentensi. Katika tamasha ingepigwa kanda, na wasanii wangefungua midomo na kutikisa vyombo kwa nidhamu.

Kurekodi kulichukua muda mrefu, kwa sababu Waziri Mpelumbe alikuwa ameongeza ubeti wake mwenyewe na akapenda kuuimba mwenyewe. Ulihusu namna mlima ulivyochagua Mayungwa kwa mapenzi. Mheshimiwa alikuwa na kikohozi. Kila alipofika kwenye neno "mapenzi" alikohoa, na fundi mitambo hakuthubutu kusema kwamba aliyeharibu ni Waziri, hivyo alikuwa akisema, "Samahani, Nyuzi Sita, mmekosea, turudie," nao wakirudia. Siku nzima, kisha siku nyingine, kisha nyingine, Nyuzi Sita walikosea kikohozi cha Mheshimiwa.

Wakati wa mapumziko Siwatu alikuwa akitoka nje kumpigia simu Mwajabu.

"Bado wanagonga, wifi?"

"Bado. Ila wanachelewa kuanza. Zamani nikigonga wanajibu hapo hapo. Leo niligonga nikasubiri mpaka nikaanza kulia, ndipo wakajibu. Mko wapi? Tingatinga liko wapi?"

"Karibu tunamaliza. Umebaki ubeti wa Waziri."

"Ubeti wa nini?"

"Wa Waziri."

Mwajabu akasema, "Wifi, mwambie aimbe haraka."

Siwatu alirudi ndani. Fundi mitambo alimwomba aimbe huku anatabasamu, akisema tabasamu linasikika kwenye kanda. Siwatu alitabasamu, akaimba "wana maendeleo mengi" kwa sauti iliyo safi kabisa, na wale waliokuwa nyuma ya kioo wakainua vidole gumba. Mahali pamoja sauti ilimkatika. Pale pakakatwa, pakatupwa, pakawekwa tarumbeta.

*

Halafu tingatinga likaja. Siwatu aliliona kwa macho yake likishushwa kutoka kwenye lori pale Mayungwa, la manjano, limefungwa utepe mbele. Bendi ilikuwa imeamriwa kuhamishia mazoezi pale pale juu ya kifusi ili wasanii wauzoee upepo, na walikuwa ndio kwanza wanafika. Siwatu alikimbia kama msichana. Alimshika dereva mkono. Dereva alikuwa mzee mkimya anayeitwa Lugoye.

"Baba, pale penye bomba. Anzia pale."

Mzee Lugoye alitazama chini. "Mimi nimeagizwa kusawazisha, mama. Jukwaa linakaa hapa, hema la wageni pale. Sikuambiwa kuchimba."

"Ukishasawazisha?"

"Nikishasawazisha tamasha linafanyika. Baada ya tamasha ndiyo nitasikia."

Akasawazisha. Alipita juu ya kifusi kwenda na kurudi, akikishindilia kikawa kigumu kama barabara. Bomba halikuondolewa. Ilionekana kwamba limesimama mahali pazuri, mbele kidogo ya jukwaa, na kwamba uwanja hauna mlingoti. Basi walilipaka rangi za taifa, wakachomeka mti kwenye mdomo wake, wakajaza matambara pembeni ili upepo usiutikise, wakapandisha bendera. Askari akawekwa kulinda. Kugusa mlingoti wa taifa ni kosa, na kuulazia sikio ni kosa kubwa zaidi, kwa hiyo Mwajabu aliondolewa. Alikaa mbali akimtazama askari, maana askari alikuwa ameegemeza bunduki kwenye bomba, na bunduki ilipotikisika kidogo, Mwajabu alijua.

Spika kubwa zilifungwa, nyingine zikiangalia juu, nyingine zikilala chini kwa sababu ya upepo. Nyuzi Sita walifanya mazoezi hapo, asubuhi na mchana. Kanda ilikuwa bado haijafika kutoka studio, kwa hiyo mazoezi yalikuwa ya sauti ya kweli. Siwatu aliimba maneno ya kamati, lakini aliimba kwa nguvu zake zote, mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mzee Mafuru alimwambia apunguze, haya ni mazoezi tu. Hakupunguza.

Siku ya pili ya mazoezi Mwajabu alimfuata jukwaani.

"Bunduki haitikisiki tena," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu jana mlipoanza kuimba. Nilidhani kelele zinanichanganya. Lakini usiku mlikuwa kimya na haikutikisika. Leo pia."

Siwatu alikaa chini pale pale, juu ya spika. Hakulia. Alimwambia Mzee Mafuru kwamba anarudi nyumbani, wimbo wamwachie Waziri.

Mzee Mafuru alichuchumaa mbele yake kwa taabu, maana magoti yalikuwa yamechakaa. "Mwanangu, ukiondoka hakuna sherehe. Pasipo na sherehe tingatinga linarudi karakana. Kama ni wazima au si wazima, utawaacha humo? Hamadi utamwacha humo, juu yake bendera?"

"Hapana."

"Basi tumalize. Tufungue midomo siku moja, halafu tumtoe tumzike."

*

Siku ya tamasha ilipendeza. Wageni walikaa hemani na vinywaji baridi. Watu wa Mayungwa waliobaki walipangwa mbele kwenye jua, wamevishwa fulana zenye maandishi ASANTE MLIMA, na mablanketi ya msaada walikabidhiwa kwa ajili ya picha, kisha yakakusanywa kwa ajili ya picha ya wilaya inayofuata. Waziri Mpelumbe alisema kwamba historia itaukumbuka uwanja huu. Halafu kanda ikawashwa.

Nyuzi Sita walisimama na vyombo vyao. Gwaride la Shombe likaanza kutoka kwenye spika, Shombe akipiga hewa. Ikafika zamu ya Siwatu. Sauti yake ikatoka kwenye spika, safi, ikitabasamu. Lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Aliteremka ngazi za jukwaa. Sauti yake ikaendelea kuimba nyuma yake. Alipita mbele ya watu wa Mayungwa, akamfikia askari wa mlingoti, akaokota jiwe.

"Simama! Wewe ni nani?" alisema askari.

"Siwatu."

Askari alitazama spika, akamtazama yeye. "Siwatu anaimba."

"Ndiyo. Kaangalie."

Askari alikuwa amefunzwa kuamini matangazo, na alibaki pale akigeuza shingo huku na huku. Siwatu aling'oa mti na bendera yake, akachomoa matambara, akagonga bomba. Ngo, ngo, ngo. Muziki ulikuwa mkubwa mno. Shombe aliona. Aliruka kutoka jukwaani akaenda kwenye jenereta, akang'oa waya, na sauti ya Siwatu ikakatika katikati ya neno "maendeleo".

Palikuwa kimya namna ambayo sisi tuliokuwepo hatujawahi kuisikia. Siwatu aligonga tena, akalaza sikio. Waziri alikuwa anakohoa. Mwajabu alimgeukia Waziri wa Utulivu wa Jamhuri yetu, akamwambia, "Nyamaza!" na Waziri akanyamaza.

Ngo.

Mara moja tu. Siwatu alipoinua uso hakuhitaji kusema. Watu wa Mayungwa walivua zile fulana, wakazifunga mikononi, wakaanza kuchimba. Walichimba kwa sahani za wageni, kwa miguu ya viti, kwa mabango, kwa besi ya Nyuzi Sita ambayo ilivunjika. Lakini kifusi kilikuwa kimeshindiliwa vizuri. Ndipo Mzee Lugoye alipopanda kwenye tingatinga.

"Nani amekuamuru?" alipiga kelele Waziri.

Mzee Lugoye alimtazama Bwana Chitemo, aliyesimama kando ya hema. Bwana Chitemo alibandua ile nembo ya kondoo kwenye shati lake, akaitia mfukoni. Mzee Lugoye akawasha injini.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipoufikia ukumbi mdogo wa chini ambamo wachimbaji hukutana kabla ya zamu. Walikuwa wamekaa safu moja, wameegemea ukuta, kofia vichwani. Wote walikuwa wamekufa isipokuwa msimamizi wao, Ndekeja, ambaye alikuwa amelala na mdomo wake kwenye ufa wa mwamba uliokuwa ukipitisha hewa kidogo, na jiwe la kugongea mkononi. Hamadi alikuwa wa kwanza karibu na bomba. Nyundo ilikuwa imewekwa vizuri kando yake, kama mtu anayeweka chombo akijua kazi imekwisha.

Ndekeja alipopewa maji, Siwatu alimuuliza Hamadi alikufa lini.

"Jana au juzi, sijui. Hewa ilipungua ghafla." Ndekeja alizungumza polepole, macho yamefungwa kwa sababu ya mwanga. "Tulikuwa tunagonga kwa zamu. Halafu tukasikia muziki na mashine juu yetu. Hamadi alisema, huyo ni dada yangu. Tukambishia, akasema sauti ile namjua tangu mtoto, ni Siwatu. Akasema, kama dada yangu yuko hapo juu basi ameshawaleta, tumekwisha okoka. Acheni kugonga, msimalize pumzi. Tukaacha. Tukakaa tukasubiri." Akameza maji. "Ulikuwa wimbo mzuri. Maneno hatukuyasikia."

*

Taarifa ya serikali ilisema tamasha lilifana. Ilifafanua kwamba wafanyakazi kadhaa wa Mgodi wa Taifa waliohudhuria wakiwa upande wa chini wa uwanja hawakuweza kuendelea na burudani. Waziri Mpelumbe alipewa nishani ya ubeti. Bwana Chitemo alihamishiwa idara ambayo haijaanzishwa. Ndekeja alipona, akashtakiwa kwa kukaa kazini nje ya saa za kazi.

Siwatu alishtakiwa kwa kuitelekeza sauti yake jukwaani bila uangalizi, na kwa kushusha bendera. Kesi ilikuwa rahisi, na hakimu alikuwa mtu mwema. Aliagiza kanda ipigwe mahakamani, akasikiliza, akasema kwamba kwa ushahidi huu mshtakiwa alikuwa akiimba muda wote ule, hivyo hakuwepo kwenye bomba, hivyo hakutenda kosa. Aseme tu hivyo kwa kinywa chake, aende nyumbani.

"Mshtakiwa, saa ile ulikuwa jukwaani unaimba. Ndiyo au siyo?"

Mzee Mafuru, kwenye benchi la nyuma, alimfanyia ishara ya kichwa aseme ndiyo.

"Siyo," alisema Siwatu. "Nilikuwa nachimba."

Hakimu alimwuliza tena, kwa upole, mara nyingi. Mwishowe akamfunga.

Wimbo "Tuwapongeze" sasa hupigwa redioni kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari, na gerezani pia, ambako wafungwa husimama wima mpaka uishe. Siwatu husimama na wenzake. Wanasema hajaimba tena, hata kwa kunong'ona.

Mwajabu alikwenda kumwona. Walikaa pande mbili za wavu. Alimletea sabuni na maandazi, akamweleza kwamba Hamadi wamemzika kwenye ardhi ngumu, mbali na mlima, na kwamba yeye anahamia kwa dada yake.

"Wifi, nimekuja kukwambia jambo moja," alisema. "Mimi sikulaumu. Nimelifikiria sana. Mume wangu hakufa akiwa amekata tamaa. Alikufa akijua kwamba umekuja."

Siwatu alishika wavu kwa vidole vyote.

"Lakini sikuwa nimekuja, wifi," alisema. "Nilikuwa nafanya mazoezi."